Mzee wa Jiwe Jeusi: Namna Sanamu ya Kirumi Inavyopata Jina na Kulipoteza



Naanza kwa shukrani. Kumwalika mtu aje azungumzie sanamu za Kirumi jioni ya siku ya kazi, kisha mkamjazia ukumbi, ni heshima ambayo sitaisahau. Nawashukuru waandaaji. Nawashukuru pia wazee wawili waliokaa safu ya mbele, ambao wameniambia mlangoni kwamba kilichowaleta ni neno "kumtambua" walilolisoma kwenye tangazo. Mmoja wao alikuwa karani wa mashauri ya mirathi. Ameniambia kwamba kwa miaka yote ya utumishi wake aliuliza maswali mawili tu: wewe ni nani, na nani anakushuhudia? Mzee wangu, nilikuwa na dibaji ndefu niliyoiandika kwa siku mbili. Nimeiacha kwenye mkoba. Ya kwako inatosha.

Lengo la mhadhara huu ni kueleza jinsi wataalamu wanavyosimama mbele ya mtu wa marumaru asiye na jina hadi wakathubutu kusema, "Huyu ni fulani." Na ninayo rai moja ninayotaka kuitetea. Jina la sanamu ni dai, sawa na dai la mtu anayefika mahakamani akisema yeye ndiye mrithi. Dai hilo linasimama kwa mashahidi, na shahidi anayetupotosha kuliko wote ni hamu yetu sisi wenyewe tunaotazama. Nitaanza na kisa, kisha nitoe hoja tano. Hazitalingana urefu, nyingine zina mengi, nyingine zinakwisha upesi.

Kisa chenyewe

Katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, kuna mzee wa jiwe jeusi. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu kingine chochote katika jumba lile. Yu uchi, ila kiunoni amezungushiwa mshipi wa alabasta. Magoti yake yamekunjika kidogo, kama ya mtu aliyebeba mzigo maisha yake yote. Sasa ameutua, lakini mwili bado haujapata habari. Mgongo umeinama. Ngozi ya kifua imelegea juu ya mbavu, na mishipa ya damu imetuna kama mizizi iliyotokeza juu ya udongo. Macho ni ya kupachikwa, yanang'aa katika uso mweusi. Kinywa kiko nusu wazi. Ukimtazama kwa ubavuni unaona kwamba shingo haikuinama pamoja na mgongo: imeinuka, kana kwamba kuna mtu mbele yake anayetaka kumwambia jambo.

Sanamu hii ilichongwa katika karne ya 2 BK, kwa kufuata mfano wa Kigiriki uliokuwa wa zamani zaidi. Katika karne ya 16 ilikuwa Roma, mikononi mwa familia ya Altemps, kisha ikahamia kwa familia ya Borghese. Walioitengeneza wakati huo hawakuridhika kumwacha mzee amesimama hivi hivi. Walimtia ndani ya beseni la jiwe, miguu imezama. Walifanya hivyo kwa sababu walikwisha kumpa jina. Walisema huyu ni Seneca, mwanafalsafa, anayekufa.

Wengi wenu mnaijua habari yenyewe, lakini naomba niirudie kwa ajili ya wanafunzi. Seneca alikuwa mwalimu wa Nero, kisha mshauri wake. Mwaka 65 BK, baada ya njama ya Piso dhidi ya Nero kugunduliwa, Nero alimwamuru Seneca ajiue. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba Seneca alijikata mishipa ya mikono, lakini damu ilitoka polepole, kwa kuwa mwili wake ulikuwa wa kizee na umekondeshwa na chakula haba. Akajikata mishipa ya miguu na nyuma ya magoti. Akanywa sumu, ile ile waliyonyweshwa watu waliohukumiwa kufa Athens, haikumfanya kitu. Mwisho akaingia katika maji ya moto, akawanyunyizia watumwa waliokuwa karibu, akisema maji hayo ni tambiko kwa Jupiter Mkombozi.

Sasa mtazameni tena mzee wetu. Amekonda. Mishipa imetuna. Magoti yamekunjika. Kinywa kiko wazi kama cha mtu anayetamka maneno ya mwisho. Msomi aliyelelewa kwa Tacitus, akikutana na mwili huu katika ua wa jumba la kifahari Roma, angeona nini kingine? Kilichokosekana ni beseni tu, na beseni likachongwa.

Rubens, mchoraji mkuu wa Antwerp, alikwenda Roma akiwa kijana, akamchora mzee huyu kwa kalamu. Baadaye, kati ya mwaka 1612 na 1613 hivi, akatengeneza picha kubwa ya rangi ya kifo cha Seneca, ambayo leo iko Munich. Mwili ni wa mzee wa Louvre, umesimama katika beseni, na kando yake mwandishi amepiga goti anaandika maneno ya mwisho. Mwaka 1615, kitabu cha maandishi ya Seneca kilichohaririwa na Justus Lipsius kilipochapishwa tena Antwerp, mzee yule yule aliwekwa humo kuwa sura ya mwandishi. Fikirini maana yake. Mtu anafungua kitabu cha Seneca, anaona uso, na tangu siku hiyo kila sentensi anayoisoma inatoka katika kinywa kile kilicho nusu wazi. Mwaka 1807 Napoleon alinunua mkusanyiko wa Borghese kutoka kwa shemeji yake, Camillo Borghese, na hivyo mzee akahamia Paris akiwa na jina lake na beseni lake.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1813, katika kilima cha Caelius huko Roma, likachimbuliwa jiwe dogo lenye vichwa viwili vilivyounganishwa visogo. Kichwa kimoja ni cha Socrates, na jina lake limeandikwa kifuani kwa herufi za Kigiriki. Kichwa cha pili ni cha mtu mnene, mwenye upara, asiye na ndevu, kidevu kimejaa nyama. Kifuani mwake pana neno moja kwa herufi za Kilatini: SENECA.

Naomba tunyamaze kidogo hapo.

Hoja ya kwanza: jina lililochongwa

Shahidi wa kwanza anayetafutwa ni maandishi. Jiwe la mwaka 1813, ambalo leo liko Berlin, ndilo lililomvua mzee wa Louvre jina la Seneca. Lakini lisingestahili kuaminiwa kwa sababu tu lina herufi. Karani wetu wa mirathi anajua kwamba hati yenyewe nayo hukaguliwa.

Basi tulikague. Jiwe hilo lilichongwa katika karne ya 3 BK, yaani karibu miaka 200 baada ya Seneca kufa. Mchongaji hakumwona. Zaidi ya hayo, linapingana na Tacitus. Yeye anatuambia mwili ulikondeshwa na chakula haba. Jiwe linatuonyesha mtu aliyeshiba. Tumwamini nani?

Mimi naliamini jiwe, na sababu yangu iko upande wa pili, kwenye kisogo. Sura ya Socrates tunaijua vizuri kutoka katika sanamu nyingi: pua bapa, macho ya kutokeza, ndevu, uso ambao wanafunzi wake wenyewe waliufananisha na Silenus. Socrates wa jiwe la Berlin analingana na sura hiyo. Maana yake mchongaji alikuwa na mfano mzuri mbele yake, hakubuni. Mtu aliyejihangaisha kupata mfano sahihi wa Socrates, aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka 600, hawezi kudhaniwa kwamba alibahatisha tu kwa Seneca, ambaye vitabu na picha zake bado vilikuwa mikononi mwa watu wa Roma. Na jambo la unene na ukondefu si gumu sana. Tacitus anaeleza mwili wa siku ya mwisho, wa mzee aliyekuwa akila matunda ya shambani na kunywa maji ya mto kwa kuogopa kuwekewa sumu. Sanamu rasmi huchongwa mtu akiwa katika nguvu na cheo.

Hata hivyo, maandishi yanaweza kusema uongo, na hapa natoa tahadhari. Katika karne ya kwanza BK, Dio wa Prusa aliwahutubia watu wa kisiwa cha Rhodes akiwalaumu kwa desturi moja. Walipotaka kumheshimu mgeni mwenye cheo, hawakugharimia sanamu mpya. Walichukua sanamu ya shujaa wa zamani, wakafuta jina kwenye kitako, wakachonga jina la mgeni. Uso ni wa mtu mmoja, jina ni la mwingine. Hotuba yake ipo, ni ndefu, na ina uchungu wa kweli. Kwa hiyo jina lililo kwenye kitako si sawa na jina lililo kwenye mwili wenyewe wa sanamu. Kitako hubadilishwa, hupotea, hupewa sanamu nyingine.

Hoja ya pili: sarafu na nywele

Sanamu nyingi hazina neno hata moja. Hapo ndipo sarafu inapoitwa kutoa ushahidi. Ubora wa sarafu ni kwamba uso na jina vimepigwa pamoja, kwa nyundo moja, siku moja, kwa amri ya dola. Hakuna aliyeweza kuvitenganisha baadaye.

Mfano wangu ni Julius Caesar. Mwaka 44 KK, muda mfupi kabla ya kuuawa, sarafu za fedha zilitolewa Roma zikiwa na uso wake. Haikuwa kawaida mtu aliye hai kuonekana kwenye sarafu za Roma. Uso huo una shingo ndefu yenye mikunjo, kikoromeo kimetokeza, mashavu yamebonyea, nywele zimerudi nyuma. Mwaka 1825, kichwa cha marumaru kilichimbuliwa Tusculum, kusini mashariki ya Roma. Kilikaa zaidi ya miaka 100 bila kuitwa Caesar. Ni mwaka 1940 ambapo mtaalamu wa Kiitalia, Maurizio Borda, alikilinganisha na sarafu za 44 KK na kuonyesha kwamba shingo ndiyo ile, kikoromeo ndicho kile, hata bonyeo juu ya paji ndilo lile. Leo kiko Turin, na ndicho wengi wanachokiona kuwa karibu zaidi na uso wa Caesar alipokuwa hai.

Linganisheni na jambo la juzi tu. Mwaka 2007, wapiga mbizi walitoa kichwa kizuri sana cha marumaru kutoka mto Rhône, mjini Arles, kusini mwa Ufaransa. Mwaka uliofuata kilitangazwa kuwa ni Caesar, tena kilichochongwa akiwa hai. Habari ilienea dunia nzima. Caesar ndiye aliyeifanya Arles koloni la Kirumi, kwa hiyo jina lilikuwa tamu kwa mji. Lakini mabingwa kama Paul Zanker walitia shaka, na mimi niko upande wao. Ukikiweka kando ya sarafu, shingo si ile, fuvu si lile. Ni mtu wa wakati wa Caesar, aliyejichongesha kwa mtindo wa wakati wa Caesar, kama vile vijana wa kila zama wanavyokata nywele kwa kumwiga mtu mkubwa wa siku zao. Ni kichwa cha thamani kubwa hata bila jina hilo, na inanisikitisha kwamba watu wengi walikikimbilia kwa sababu ya jina, kisha wakakisahau jina lilipotiliwa shaka.

Neno moja kuhusu nywele, maana wanafunzi hulicheka. Augustus, mfalme wa kwanza wa Dola la Roma, ana sanamu nyingi kuliko Mrumi mwingine yeyote tunayemjua, na hatuzitambui kwa pua wala macho. Tunazitambua kwa vishungi vya nywele juu ya paji la uso. Katika sanamu maarufu iliyopatikana Prima Porta mwaka 1863, katika nyumba ya mkewe Livia, vishungi hivyo vinaachana juu ya jicho la kushoto kama uma, kisha vinakutana juu ya jicho la kulia kama koleo. Wachongaji wa Misri, Hispania na Asia hawakumwona Augustus. Walitumiwa mfano wa plasta au udongo, na walipounakili, sehemu rahisi kuifuata kwa uaminifu ilikuwa mpangilio wa nywele. Uso ungeweza kubadilika kidogo kwa mkono wa kila fundi, lakini uma na koleo vilibaki pale pale. Hata Augustus alipofika miaka 70, uso wa sanamu ulibaki wa kijana, na nywele ni zile zile.

Hoja ya tatu: kichwa na mwili

Nikiwa na wanafunzi mbele ya sanamu ya Kirumi, huwaomba waanze na shingo. Uso waache kwanza. Watafute mstari.

Sanamu nyingi zilizoko Ulaya zilitoka ardhini zikiwa vipande. Matajiri wa karne ya 17 na ya 18 hawakutaka vipande katika kumbi zao. Mafundi waliongeza pua, mikono, na mara nyingi kichwa kizima. Kama hapakuwa na kichwa, walichukua cha sanamu nyingine. Kuna sanamu huko Roma iitwayo Togatus Barberini: Mrumi aliyevaa toga, ameshika vichwa viwili vya wahenga wake, kimoja kila mkono. Picha yake iko katika karibu kila kitabu kinachoeleza jinsi Warumi walivyoheshimu nasaba zao. Kichwa kilicho juu ya mabega yake ni cha kale kweli, lakini si chake. Ni cha mtu mwingine, kutoka sanamu nyingine. Mtu aliyechongwa ili akumbukwe pamoja na wahenga wake amebaki na wahenga hao, mwenyewe hayupo. Kila niionapo sanamu hiyo naumia.

Na kuna kubadilishwa kulikofanywa na Warumi wenyewe. Mtawala aliyechukiwa alipoanguka, sura zake hazikuvunjwa zote, kwa kuwa marumaru ni ghali. Zilichongwa upya. Hivyo ndivyo zilivyofanyiwa sura nyingi za Caligula, za Nero na za Domitian. Chini ya jengo la Cancelleria huko Roma, katika miaka ya 1930, yalipatikana mabamba makubwa yenye michongo ya sherehe za kifalme. Katika bamba moja, mtu wa katikati ana mwili wa Domitian na uso wa Nerva aliyemfuata mwaka 96 BK. Kichwa ni kidogo kuliko inavyopasa, kwa sababu ukichonga uso ndani ya uso, jiwe linapungua. Jibu la "huyu ni nani" hapo ni majina mawili, na anayekupa moja tu amekunyima nusu ya habari. Mara nyingi nywele za nyuma ya masikio huachwa bila kuguswa, kwa hiyo mtawala aliyefutwa bado yumo kisogoni.

Hoja ya nne: alichovaa

Hii ni fupi. Katika makumbusho ya Capitolini kuna mtu aliyeketi chini, amejeruhiwa, ameinamisha kichwa. Aliandikwa kwa mara ya kwanza katika orodha ya mali ya familia ya Ludovisi mwaka 1623, na kwa muda mrefu akaitwa mpiganaji wa uwanjani anayekufa. Lakini shingoni ana mkufu mzito wa kusokotwa, juu ya mdomo ana masharubu bila ndevu, na nywele zake zimesimama kwa kupakwa chokaa. Hayo ni mapambo ya Wagali, na waandishi wa kale wameyaeleza. Ni shujaa wa vita aliyeshindwa vitani. Hakuwahi kuuawa ili watazamaji wafurahi. Mkufu ulikuwa pale siku zote, mbele ya macho ya kila mtu.

Hoja ya tano: jiwe, rangi, na hamu ya anayetazama

Narudi kwa mzee wetu, kwa kuwa nilimwacha amesimama katika beseni akiwa hana jina.

Hata kabla ya mwaka 1813 walikuwapo waliotia shaka, akiwamo Winckelmann, baba wa taaluma yetu. Ennio Quirino Visconti, bingwa wa kulinganisha sanamu, alimtambua kuwa ni mvuvi. Njia aliyoitumia ndiyo njia tunayoitumia hadi leo: aliacha kumtazama peke yake. Mzee huyu ana ndugu. Kuna nakala yake ya marumaru nyeupe huko Vatikani. Kuna nyingine ambayo kichwa chake kiko Berlin na kiwiliwili kilichimbuliwa baadaye Aphrodisias, mji wa wachongaji ulioko Uturuki ya leo, katika magofu ya hamamu ya Hadrian. Vipande hivyo viwili vilitambuliwa kuwa ni vya mwili mmoja ingawa vimetenganishwa na bahari. Seneca akifa ni tukio la mtu mmoja, siku moja, mji mmoja. Lakini mvuvi mzee alikuwa mtu aliyependwa na wachongaji wa Kigiriki, pamoja na mchungaji mzee na mwanamke mzee mlevi, akawekwa katika bustani na katika hamamu, karibu na maji. Nakala zilipowekwa pamoja, beseni likaonekana lilivyo: nyongeza ya fundi wa Roma.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Lakini mzee alipopoteza jina la Seneca, alipewa jingine. Akaitwa "mvuvi wa Kiafrika". Kwa nini? Kwa sababu ni mweusi.

Ndugu zangu, hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili linatuhusu. Jiwe jeusi si ngozi nyeusi. Katika makumbusho ya Capitolini wako wanyama-watu wawili wa hadithi, nusu farasi nusu mtu, waliopatikana mwaka 1736 katika makazi ya mfalme Hadrian huko Tivoli. Wamechongwa kwa jiwe la kijivu iliyokoza, na wametiwa saini na mafundi wawili wa Aphrodisias, Aristeas na Papias. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hao ni Waafrika. Mchongaji alichagua jiwe jeusi kwa sababu nyingi: lilikuwa ghali, lilipendeza likisuguliwa, lilifanana na shaba iliyochakaa, na kwa mvuvi lilionyesha ngozi iliyounguzwa na jua na chumvi. Waafrika wamo katika sanaa ya Kirumi, na wametambuliwa kwa ushahidi mzuri, wengine katika marumaru nyeupe. Wanastahili kutambuliwa kwa ushahidi huo huo, usiopungua. Ukimwongezea Afrika mtu asiye wake kwa sababu tu jiwe ni jeusi, hujaiheshimu Afrika. Umerudia kosa la beseni.

Nami nakiri mbele yenu jambo ambalo sijawahi kuliandika. Siku ile Louvre, kabla sijasoma kibao cha maelezo, nilimtambua. Nilikulia pwani. Jirani yetu alikuwa mvuvi wa jarife, na alfajiri nilizoea kumwona akirudi, magoti yamekunjika vile vile, mshipa wa mkono umetuna vile vile kwa kuvuta kamba, kinywa kiko wazi vile vile akitafuta pumzi kabla ya kutoa salamu. Nilimwona yeye. Machozi yalinilengalenga katikati ya watalii. Na nilipokaa hotelini usiku ndipo nikaelewa kwamba nimefanya kile kile alichofanya msomi wa karne ya 16. Yeye alikuwa na Tacitus kichwani, akamwona Seneca. Mimi nilikuwa na jirani yangu, nikamwona jirani yangu. Kwamba jibu langu lilikaribia ukweli kuliko la kwake si sifa yangu. Sikuwa na shahidi hata mmoja. Nilikuwa na mapenzi tu.

Mashahidi wapya

Sasa nitazame mbele, maana Mwenyekiti ameshanionyesha saa.

Karne hii imeleta mashahidi ambao Visconti hakuwa nao. Karibu na Aphrodisias, mahali paitwapo Göktepe, yametambuliwa machimbo ya kale yaliyotoa marumaru nyeupe na nyeusi, na kwa kupima kemia ya jiwe, wanasayansi wameweza kuzirudisha sanamu kadhaa kwenye machimbo hayo. Jiwe linaweza kusema lilikotoka. Taa za urujuanimno zinaonyesha mabaki ya rangi katika mikunjo ya nguo na kwenye nywele, kwa hiyo ile Roma nyeupe tuliyozoea inaanza kupata rangi zake. Vipimo vya kompyuta vya pande zote vinaruhusu kichwa kilichoko mji mmoja kujaribiwa kwenye shingo iliyoko mji mwingine bila kusafirisha hata kipande kimoja. Kazi hiyo ndiyo kwanza imeanza, na inahitaji watu. Sioni kwa nini wasiwemo wanafunzi wa ukumbi huu. Picha na vipimo vingi vya makumbusho makubwa vimewekwa wazi kwenye intaneti, na jicho la mtu aliyelelewa mbali na Roma lina faida yake, mradi lijue limelelewa wapi.

Nina ombi kwa walimu. Mkiwafundisha watoto kwa picha ya sanamu ya kale, msiwape jina peke yake. Waambieni jina limetoka wapi: kwenye maandishi, kwenye sarafu, kwenye nywele, au kwenye mazoea. Na nina ombi kwa makumbusho, yetu na ya wengine. Kibao cha maelezo kiandikwe kwa daraja la uhakika. "Augustus" ni neno moja. "Pengine Caesar" ni maneno mawili. "Mzee, yaelekea mvuvi, jina lake halijulikani" ni maneno sita, na yanatosha kumpa mzee wangu wa Louvre nafasi ya kusimama bila kuazimwa na mtu.

Mezani pale mlangoni nimeweka picha 12 za vichwa vya marumaru ambavyo wataalamu bado wanabishania. Kila kichwa kimepigwa picha mbele, ubavuni na kisogoni. Juu nimeacha nafasi ya jina. Chini yake, mzee wangu wa mirathi atafurahi, nimechora mistari mitatu ya kuandika mashahidi. Kila mmoja achukue picha moja anapotoka. Tutakutana tena hapa muhula ujao, na tutaanza na wale walioijaza mistari mitatu na kuiacha nafasi ya jina wazi.